Biopsi mbili za msuli, majibu mawili: kisa cha kijana aliyetibiwa ugonjwa asiokuwa nao

Kijana wa miaka 24, mwenyeji wa Tanga, alifika kliniki ya mishipa ya fahamu Dar es Salaam akiwa na faili nene na ule uso wa duara ambao yeyote aliyefanya kazi wodini anaujua: uso wa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Alikuwa amemeza miligramu 60 kwa siku kwa miezi saba. Ndani ya faili kulikuwa na jibu la biopsi, yaani kipande cha msuli kilichokatwa na kusomwa kwa hadubini, lililoandikwa "inaendana na polimayositisi", ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia misuli. Miguu ilikuwa imezidi kulegea, sukari imepanda, ngozi ya tumbo imepasuka mistari. Barua ya rufaa iliuliza aongezewe dawa gani.

Kabla ya kuongeza chochote ilibidi kurudi kwenye jibu lenyewe la biopsi, maana karibu kila karatasi nyingine ndani ya faili ilikuwa inapingana nalo. Niseme mapema kwamba kisa hiki kimeunganishwa kutokana na wagonjwa wa aina moja, ili asitambulike mtu. Mwenendo wa ugonjwa, namna vipimo vinavyofanyika na mahali vinapoharibikia ni kama ilivyo.

Historia

Alikuwa winga wa timu ya mtaani, tena mwenye kasi. Akiwa na miaka 19 akaona hawezi tena kuruka kupiga kichwa. Akichuchumia ili achukue kitu juu ya kabati, visigino havinyanyuki. Baadaye ngazi zikaanza kumshinda, na alipofika miaka 22 alikuwa akitoka kwenye sijda anainuka kwa kujisukuma, mikono juu ya mapaja. Hakuwa na maumivu ya kusumbua, vipele wala homa. Alikuwa anameza vizuri na kope hazikulegea. Mashavu ya miguu yalikuwa yamekonda, na mkono ukipita pale nyuma unakuta mfupa upesi.

Ukiisoma historia hii taratibu utaona kwamba ugonjwa ulikuwa umetembea miaka mitano, na ulianzia nyuma ya mguu, chini ya goti. Polimayositisi haina tabia hiyo. Huja kwa wiki au miezi, na hushika nyonga na mabega kwanza. Tena siku hizi wataalamu wa misuli wanaliangalia kwa jicho la shaka hata jina lenyewe la polimayositisi, kwa sababu wengi waliokuwa wakipewa jina hilo zamani, wakichunguzwa upya, hukutwa na kitu kingine: ugonjwa wa kinga unaoua nyuzi za misuli bila seli nyingi za kinga kuonekana, mayositisi ya vijumuisho kwa watu wazima, au ugonjwa wa kurithi. Kwa kijana wa miaka 19 anayeanza kushindwa kuchuchumia, huu wa mwisho ulipaswa kuwa wa kwanza kufikiriwa.

Mwaka mmoja mzima ulipotelea kwenye ini. Hospitali moja ilipima damu, ikakuta vimeng'enya vya AST na ALT vimepanda mara kadhaa, akaambiwa ini lina matatizo. Akapimwa homa ya ini aina ya B na C, hana. Akapigwa ultrasaundi, ini safi. Akaambiwa aache mafuta na dawa za mitishamba, naye akaacha, na AST haikushuka. Vimeng'enya hivyo viwili vimo ndani ya msuli pia, na msuli unaovunjika huvimwaga kwenye damu kama ini linavyofanya. GGT, kimeng'enya cha ini ambacho msuli haukimwagi, ilikuwa ya kawaida kwenye karatasi ileile. Bilirubini nayo ya kawaida. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika herufi mbili kwenye fomu ya maabara: CK, kimeng'enya cha msuli. Ilipopimwa hatimaye ilikuwa 9,400, wakati kiwango cha juu cha kawaida ni kama 200.

Namba hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye biopsi ya kwanza.

Biopsi ya kwanza ilivyochukuliwa

Kinyama kilichukuliwa shavu la mguu wa kulia, kwa sababu mgonjwa alilalamikia hapo. Siku tisa kabla, sindano ya EMG, kipimo cha umeme wa misuli, ilikuwa imeingia kwenye msuli uleule. Kipande kikatumbukizwa chote kwenye kichupa cha fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia nyama, kikasafiri, kikasomwa. Fomu ya maombi ilisema: mwanamume, 23, udhaifu wa misuli, mayositisi? Basi.

Msomaji wa hadubini aliona nyuzi zilizokufa, nyuzi zinazojiponya, mafuta na makovu yaliyojaza nafasi, na kati yake seli za kinga ziitwazo limfosaiti na makrofeji. Aliyoyaona yalikuwepo kweli. Kwa fomu ile na kipande kile, sijui ni wangapi wangeandika tofauti.

Tuanze na msuli uliochaguliwa. Nguvu ya misuli hupimwa kwa daraja la 0 hadi 5, na shavu lile la mguu lilikuwa daraja la 2. Msuli uliofika hapo umekwisha. Nyuzi zimegeuka mafuta na kovu, na mwisho huo hufanana iwe chanzo ni jeni, kinga, au neva iliyokatika. Kinyume chake, msuli wenye nguvu kamili unaweza kuonekana mzima kabisa chini ya hadubini wakati mgonjwa anaumwa. Unatafutwa wa katikati: msuli ulioguswa lakini bado unapigana, kwa kawaida daraja la 4. Msuli wa shavu la mguu una ubaya mwingine wa kwake. Mtu mwenye mgongo mbovu, hata bila kujijua, huweza kuwa na dalili za neva hapo. Pia kano huingia mbali ndani yake, na kipande kilichochukuliwa karibu na kano huwa na sura za ajabu ambazo si ugonjwa: nyuzi zilizogawanyika, viini vilivyohamia katikati. Ndiyo maana watu wa kazi hii hupenda paja kwa nje, bega, au msuli wa mbele wa mkono wa juu. Sura ya kawaida ya misuli hiyo inajulikana vizuri, na wa kuulinganisha nao wapo wengi.

Halafu sindano ya EMG. Kila inapopita huacha njia ya nyuzi zilizokufa na seli za kinga zilizokuja kusafisha. Ukikata hapo baada ya siku tisa unasoma kidonda cha sindano. Kanuni ni nyepesi na haina gharama: EMG upande mmoja wa mwili, biopsi upande wa pili. Kwetu ningeongeza swali ambalo vitabu haviliwekei uzito, la sindano za kawaida. Watu wetu wanapenda sindano. Mgonjwa mwenye miguu mizito kwa miaka mitano ameshachomwa diklofenaki na vitamini B za kutosha, nyingine begani. Muulize ni wapi, na lini mara ya mwisho.

Kuhusu fomalini nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu kwa kiungo kingine chochote fomalini ingekuwa sahihi. Titi, tezi, utumbo, vyote vinatumbukizwa na hakuna anayelalamika. Msuli nao, ukiwekwa kwenye fomalini, unasomeka kwa rangi za kawaida, na baadhi ya alama za seli za kinga zinaweza kutafutwa. Lakini vimeng'enya hufa. Bila vimeng'enya hai huwezi kutenganisha nyuzi za aina ya kwanza na za pili kwa rangi ya ATPase, huwezi kuona kama mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zina kimeng'enya cha COX, huwezi kujua kama kimeng'enya cha fosforilesi kipo. Kipimo cha kuchambua uzito wa protini za msuli nacho hakifanyiki tena. Kipande kile kilikuwa kimefungiwa milango mingi kabla hakijafika mezani kwa mtu yeyote.

Seli za kinga mahali pasipo ugonjwa wa kinga

Hapa ndipo kisa kinapoelekea kwenye utando wa unyuzi. Kila unyuzi wa msuli umezungukwa na utando mwembamba ambao hupasuka kidogokidogo mtu anapokimbia, anaposhuka ngazi, hata anapobeba ndoo. Kwa mtu mzima wa afya mipasuko hiyo huzibwa ndani ya sekunde: kalsiamu inaingia kwa nguvu, vifuko vidogo vya utando vinakimbilia penye tundu na kuungana hapo. Mojawapo ya protini zinazosimamia uzibaji huo ni disferlini. Jeni yake, DYSF, iko kwenye kromosomu ya 2 na ilitambuliwa mwaka 1998. Mwaka 2003 majaribio kwenye panya yalionyesha kwamba unyuzi usio na disferlini hushindwa kuziba tundu lililochomwa kwa leza, hata kalsiamu ikiwepo.

Unyuzi usiojiziba hufa. Ukifa, makrofeji huja kusafisha na limfosaiti hufuata. Kwa hiyo kwenye ugonjwa wa disferlini seli za kinga ndani ya msuli ni jambo la kawaida, wakati mwingine nyingi mno, na wagonjwa wake wamekuwa wakipewa jina la polimayositisi duniani kote, si Tanga tu. Huanza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini. Wengi walikuwa wanamichezo wazuri kabla. Kwa baadhi huanzia shavu la mguu, na mtu hushindwa kuchuchumia kabla hajashindwa ngazi. CK huwa kubwa sana. Moyo kwa kawaida hauguswi. Linganisha na winga wetu.

Na ni ugonjwa wa kurithi unaohitaji nakala zote mbili za jeni ziwe na hitilafu, moja ya baba na moja ya mama. Hakuna aliyekuwa ameuliza kuhusu wazazi. Pwani yetu kuoana kwa watoto wa ndugu si jambo la ajabu wala la aibu, na daktari akiuliza kwa sauti ya kulaumu atajibiwa "hapana" na mazungumzo yataishia hapo. Mama, alipoulizwa kwa heshima yake baada ya shikamoo na habari za safari, alisema bila kusita kwamba baba yake na baba wa mumewe walikuwa tumbo moja. Na yupo binamu Pangani, mtu wa miaka 30 na kitu, anayetembea kwa kuyumba tangu ujana. Ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba alianguka kwenye mnazi.

Kuipanga biopsi ya pili

Biopsi ya pili ilianza na swali lililoandikwa kwenye fomu, mistari sita: umri ugonjwa ulipoanza, msuli wa kwanza kulegea, CK, ndoa ya wazazi, dawa anazotumia na kwa muda gani, na mwisho, tafadhali tafuteni disferlini. Fomu ya maombi inadharauliwa sana. Daktari wa patholojia asipojua mgonjwa yuko kwenye steroidi, atasumbuka bure na nyuzi za aina ya pili zilizokonda, ambazo steroidi yenyewe huzikondesha.

MRI ya miguu ilionyesha mafuta yamejaa mashavu ya miguu na sehemu ya nyuma ya mapaja. Paja la kushoto kwa nje lilikuwa bado na nyama, lina majimaji kidogo ya ugonjwa unaoendelea, nguvu daraja la 4, na sindano ya EMG haikuwahi kuingia humo. Mahali pakapatikana. Pasipo na MRI, ultrasaundi ya msuli na mkono wa daktari unaojua kupima nguvu vinaweza kufika karibu na hapo.

Ikabaki namna ya kukata. Biopsi ya wazi, ile ya kupasua sentimita tatu au nne na kutoa kipande kirefu kwa macho, ndiyo inayotoa kipande kizuri zaidi. Unakipanga vizuri kwa jinsi nyuzi zinavyolala, unabakiza cha kupeleka kwenye hadubini ya elektroni, unapata na utando wa juu ya msuli. Mishipa ya damu ikishukiwa, au ugonjwa unaoshika sehemu moja na kuruka nyingine kama dermatomayositisi, ugonjwa wa kinga unaoshambulia misuli na ngozi, mimi nisingetaka njia nyingine.

Sindano ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Duchenne, yule Mfaransa ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa wa misuli wa watoto wa kiume, alikuwa akitoa vipande vya msuli kwa chombo chake mwenyewe chenye ncha katika miaka ya 1860, bila kumpasua mgonjwa. Kisha njia hiyo ikalala muda mrefu, mpaka Bergström wa Sweden alipotoa sindano yake mwaka 1962, nene yenye dirisha ubavuni na kisu kinachoteleza ndani. Tundu lake ni dogo na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini vipande ni vidogo na kuvipanga ni kazi ya subira. Katikati ya hizo mbili kuna koleo la kongkotomu, ambalo asili yake ni la madaktari wa pua. Mkato ni wa sentimita moja au pungufu, koleo linaingia limefungwa, linafunguliwa ndani ya msuli, linauma kipande, linazungushwa na kutoka.

Kijana huyu alichaguliwa kongkotomu. Kovu la shavu la mguu lilikuwa limevimba na kung'aa, keloidi, na alikuwa na jingine kifuani. Kupasua sentimita nne pajani kungemwachia jingine la ukubwa huo. Na tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa protini, si umbo la ndani ya seli, kwa hiyo vipande vitatu vya koleo vilitosha. Nadhani kongkotomu inastahili nafasi kubwa zaidi kwenye hospitali zetu kuliko iliyonayo. Ni chuma, kinachemshwa kwa mvuke na kutumika tena miaka mingi, na hakidai chumba kikubwa cha upasuaji.

Kwenye meza

Dawa ya ganzi ilichomwa kwenye ngozi na mafuta mpaka juu ya utando wa msuli, na ikaishia hapo. Lidokeini ikiingia ndani ya msuli inauharibu, na utakachosoma baadaye ni uharibifu wa sindano yako. Maana yake mgonjwa atasikia kitu koleo linapouma. Aliambiwa mapema kwamba atahisi kuvutwa na kubanwa kwa ndani kwa sekunde chache, kisha kutaisha. Mgonjwa aliyeambiwa hutulia. Asiyeambiwa hukaza paja, na kipande hutoka kimejikunja.

Kisu cha umeme hakikuwashwa. Joto lake huunguza nyuzi za pembeni, na kwenye kipande kidogo hivyo pembeni ndiyo karibu kote. Damu ilizuiwa kwa kubana kwa kiganja dakika kumi, kisha bandeji. Kabla ya yote alikuwa ameulizwa kuhusu aspirini na dawa za kuyeyusha damu, na chembe sahani zimepimwa.

Kuna sababu nyingine ya kushikilia ganzi ya sehemu. Kwa mwenye ugonjwa wa misuli wa kurithi, baadhi ya dawa za usingizi ni hatari: saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, inaweza kupandisha potasiamu ghafla hadi moyo usimame, na wenye hitilafu ya jeni ya RYR1 wanaweza kupandisha joto la mwili kiasi cha kuua. Wakati wa biopsi mara nyingi hujui mgonjwa yuko kundi gani. Ndicho hasa unachokitafuta.

Vipande viliwekwa juu ya gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi kisha ikakamuliwa. Iwe na unyevu tu. Kipande kikiogeleshwa kinanyonya maji, na maji hayo yataleta balaa kwenye hatua inayofuata. Gozi ikakunjwa, ikaingia kwenye kichupa kikavu kilichofungwa, kichupa kikakaa juu ya barafu bila barafu kugusa nyama, na mtu mmoja akakibeba kwa miguu hadi maabara. Alikuwa ameagizwa asipitie popote.

Kugandisha

Ukiweka nyama kwenye friza ya nyumbani inaganda polepole, na ukiitoa inamwaga maji mengi kuliko ilipokuwa mbichi, kwa sababu maji ya ndani ya seli yamejijenga kuwa chembe za barafu zenye ncha na kuzitoboa. Chini ya hadubini, msuli uliogandishwa hivyo umejaa mashimo meupe, na mtu asiye na uzoefu anaweza kuyaita ugonjwa. Kinga ni kasi. Kipande kigande haraka kiasi kwamba maji hayapati muda wa kujipanga.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba kukitumbukiza moja kwa moja kwenye naitrojeni kimiminika, yenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, hakutoshi. Naitrojeni inachemka pale inapogusa nyama, mvuke unakizunguka kipande, na mvuke huo unazuia baridi isipite. Kwa hiyo katikati huwekwa kimiminika kingine, isopenteni: kikombe cha chuma cha isopenteni kinashushwa ndani ya naitrojeni mpaka chini kianze kuganda weupe, yaani imekaribia nyuzijoto 160 chini ya sifuri. Hiyo haichemki ikiguswa na nyama. Kipande kimeshapangwa kikiwa kimesimama juu ya kipande cha koki, nyuzi zikielekea juu ili zikatwe kwa upana, na gundi kidogo chini tu. Kinazamishwa na kutikiswa taratibu kwa sekunde 10 hadi 20, kisha kinakwenda kwenye friza ya nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Hapo kinaweza kusubiri miaka.

Naitrojeni ilitoka kwa watu wa ng'ombe. Huwa naona hospitali zikisema biopsi ya msuli haiwezekani kwetu kwa kukosa naitrojeni kimiminika, wakati wataalamu wa uhimilishaji wanazunguka vijijini na mitungi yake wakibeba mbegu za madume. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kipo Usa River, Arusha, na kazi yake yote inasimama juu ya naitrojeni hiyo. Mtungi mdogo wenye lita chache unatosha kugandisha vipande vya wiki nzima. Kinachohitajika ni mazungumzo kati ya idara mbili ambazo hazina mazoea ya kupigiana simu.

Majibu

Kriostati, mashine ya kukata nyama iliyogandishwa, ilikata vipande vya mikroni 10. Rangi ya kawaida ilionyesha nyuzi za ukubwa tofautitofauti, chache zilizokufa, kadhaa zinazojiponya, na vishungi vichache vya seli za kinga. Kwa mtazamo huo peke yake tungebaki palepale pa biopsi ya kwanza.

Tofauti ilikuja na hatua zilizofuata. Limfosaiti za CD8, aina inayoua seli, hazikuwa zimezunguka nyuzi nzima na kuzivamia, jambo ambalo mayositisi ya kweli ya aina hiyo ingeonyesha. Alama ya MHC ya daraja la kwanza, ambayo kwenye mayositisi huwaka karibu kila unyuzi, hapa iliwaka kwenye nyuzi zinazojiponya tu. Bidhaa za mwisho za komplimenti, protini za kinga zilizomo kwenye damu, zilikuwa zimetanda juu ya utando wa baadhi ya nyuzi ambazo hazijafa, jambo linaloonekana mara kwa mara kwenye ugonjwa wa disferlini. ATPase ilitenganisha aina za nyuzi na kuonyesha zile za aina ya pili zimekonda: steroidi ilikuwa imeongeza udhaifu wake juu ya udhaifu uliokuwepo.

Kisha protini za utando zenyewe. Distrofini ipo. Sarkoglikani zote nne zipo. Spektrini ipo, ushahidi kwamba utando haukuharibika njiani. Disferlini haipo, wakati msuli wa mtu asiye na ugonjwa, uliopakwa kwenye kioo hichohicho, uliwaka vizuri. Bila hizo nyingine kuwepo, giza la disferlini lingeweza kuwa kosa la maabara.

Hata hivyo disferlini hupungua kwa kufuata mkumbo pale ambapo mkosefu ni protini nyingine ya msuli, kaveolini-3 au kalpaini-3. Kwa hiyo kipande kimoja kilisafirishwa nje ya nchi kwenye barafu kavu kwa kipimo cha kutenganisha protini kwa uzito. Mstari wa disferlini, protini kubwa ya karibu kilodaltoni 237, haukuonekana kabisa. Wa kalpaini-3 ulikuwepo. Damu ilisomwa jeni na kukuta hitilafu ileile ya DYSF kwenye nakala zote mbili, kama ndoa ya wazazi ilivyokuwa inaashiria.

Je, biopsi ilihitajika?

Msomaji mkali atauliza: si tungesoma jeni tangu mwanzo? Kwa magonjwa kadhaa ndivyo inavyofanyika sasa. Mtoto wa kiume mwenye dalili za Duchenne hupimwa jeni ya distrofini kwanza, na biopsi hubaki kwa wachache ambao jeni haikujibu. Mtoto aliyelegea kwa ugonjwa wa neva za uti wa mgongo hupimwa jeni ya SMN1 na hakatwi. Hata kwa disferlini, tangu 2002 inajulikana kwamba protini hiyo imo pia kwenye monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, na inaweza kupimwa humo.

Kwa kijana huyu, kama historia ingesomwa vizuri mwanzoni, damu peke yake ingeweza kutosha. Lakini alikuja akiwa na karatasi yenye saini inayosema ana ugonjwa wa kinga unaotibika, na kuacha kutibu ugonjwa unaotibika ni uamuzi mzito. DYSF ni jeni ndefu, ina eksoni (vipande vyenye maelekezo ya protini) 55, na mara nyingi majibu yake hurudi na badiliko ambalo maana yake haijulikani. Kilichohitajika ni ushahidi kutoka kwenye msuli wenyewe kwamba kinga haikuwa mshambulizi. Huo hautoki kwenye damu. Ningekuwa mahali palepale tena na faili lilelile, ningeomba biopsi.

Prednisoloni ilishushwa taratibu, si kwa ghafla, maana tezi za juu ya figo zilikuwa zimelala miezi saba. Sukari ilirudi chini. Ngazi zilikuwa nafuu kidogo baada ya miezi michache, na hiyo ni misuli iliyokuwa imekondeshwa na steroidi ikirudi, si ugonjwa kupona. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2013, lenye wagonjwa 25 wa disferlini, liliwapa deflazakoti, steroidi nyingine, na halikuona faida. Nguvu ilielekea kupungua. Dawa ya ugonjwa wenyewe haipo bado. Alipewa vishikizo vya kifundo cha mguu, mazoezi mepesi yasiyo ya kushuka mlima wala kunyanyua vizito, na kadi ya kuonyesha kwa daktari yeyote wa usingizi. Binamu wa Pangani alikubali kupimwa damu.

Kuna dada wa miaka 17. Anakimbia, anacheza netiboli, halalamiki. Ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala mbili mbovu kama kaka yake. Mama alitaka apimwe upesi, tena alidhani naye atakatwa paja. Hilo la kukatwa halipo: hitilafu ya ukoo imeshajulikana, na ikihitajika, mililita chache za damu zitatosha. La kupimwa lilibaki kuwa la msichana mwenyewe. Aliambiwa yote mbele ya mama yake, akaomba amalize kwanza mtihani wa kidato cha nne.